Ndugu Kafungwa, na Familia Inaamini Hana Hatia

Mwaka 1982 wakazi wawili wa Masaka nchini Uganda, Edmary Mpagi na binamu yake Fred Masembe, walihukumiwa kunyongwa kwa kosa la kumuua mtu wa kijijini kwao. Mtu huyo alikuwa hai. Ndugu walilijua hilo, majirani walilijua, na kabla miaka ya 1980 haijaisha habari ilikuwa imeshafika hadi serikalini. Masembe hakuiona faida yake, kwani alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi alitoka gereza la Luzira mwaka 2000, akiwa amekaa humo zaidi ya miaka 18, na kilichomtoa ni msamaha wa rais.

Wanaopinga adhabu ya kifo hukitaja sana kisa hiki, na wana sababu nzuri. Familia yenye mtu wake gerezani inaweza kukisoma kwa jicho jingine. Hata marehemu akionekana sokoni akinunua samaki, bado anahitajika mtu wa kuichukua habari hiyo, kuiweka kwenye hati inayokubalika kisheria, na kuipeleka kwenye mlango ambao haujafungwa. Kazi hiyo ndiyo kampeni. Mabango na fulana zenye picha ya mfungwa vina nafasi yake, ila vikitangulia mara nyingi huharibu.

Siku inayofuata hukumu kwa kawaida hupotea kwa kilio na simu. Kikao cha ukoo kinaitishwa, mchango unaanza, na hakosekani mjomba anayesema anamjua mkubwa fulani wizarani. Wakati huo siku za kisheria zinakwenda. Tanzania Bara, aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa, bila kuhesabu muda anaosubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ana siku 30 za kutoa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani. Kenya muda ni siku 14 tu. Notisi yenyewe ni karatasi fupi, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia kwa mkuu wa gereza hata kama hana wakili. Muda ukipita bado unaweza kuombwa uongezwe, lakini majaji hutaka mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa ilipotelea wapi, na “tulikuwa tunachangishana” si jibu linalowaridhisha. Kwa hiyo kikao cha kwanza cha ukoo kitoke angalau na uamuzi mmoja: nani anakwenda gerezani kesho asubuhi kuuliza kama notisi imesainiwa, imepelekwa tarehe ngapi, na nakala yake iko wapi.

Kisha ziandamwe karatasi. Familia nyingi huishia kwenye hukumu, ilhali hukumu ni kile tu ambacho hakimu alikiona ndani ya ushahidi. Ushahidi wenyewe umo kwenye mwenendo wa kesi. Pamoja na huo zitafutwe hati ya mashtaka na mabadiliko yake yote, maelezo ambayo mashahidi waliandikisha polisi, maelezo ya onyo ya mshtakiwa, fomu ya polisi ya matibabu (PF3) kama ipo, ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hati ya upekuzi, na ramani ya eneo la tukio. Maombi yawe ya barua, na nakala ibaki nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Si kwamba makarani wa masjala ni watu wabaya. Majalada hupotea, mahakama huhama majengo, na barua yenye muhuri wa tarehe ndiyo itakayoeleza miaka mitano baadaye kwa nini rufaa ilichelewa.

Kesi zilizosikilizwa kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama nchini Tanzania, kumbukumbu zake nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa familia asiyeisoma lugha hiyo asomewe na mwalimu au mwanafunzi wa sheria, ukurasa kwa ukurasa, bila kurukwa. Mara nyingi ni yeye, anayejua kisima kiko wapi na mlango wa nyumba unatazama upande gani, atakayeshtuka wa kwanza.

Daftari la kawaida linatosha kwa hatua inayofuata. Ukurasa ugawanywe sehemu tatu: namba ya shahidi, alichosema polisi, alichosema mahakamani. Mfano mzuri ni kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha uliofanyika usiku, kosa ambalo Tanzania adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri anasema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Taa gani? Chemli, balbu ya umeme, au tochi ya mvamizi mwenyewe? Ilikuwa imewekwa wapi, na mwanga wake ulimwangukia nani? Alimtazama kwa dakika ngapi, kutoka umbali wa hatua ngapi, na alikuwa amewahi kumwona kabla ya siku hiyo? Haya si maswali ya ndugu wenye uchungu. Ni ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoyaweka katika kesi ya Waziri Amani, iliyochapwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1980, na hadi leo ni nadra rufaa inayohusu utambuzi wa usiku kusikilizwa bila kesi hiyo kutajwa. Katika kesi nyingine, ya Marwa Wangiti Mwita, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunaupa uzito ushahidi wake, na kuchelewa kumtaja bila maelezo kunapaswa kuitia mahakama mashaka. Basi kama shahidi alisema kizimbani “nilimtambua, ni jirani yangu”, na maelezo yake ya polisi ya usiku uleule hayana jina la mtu yeyote, mstari huo mmoja wa daftari una thamani kuliko maandamano ya kutwa nzima.

Vielelezo navyo vifuatiliwe mkono kwa mkono: nani alikamata, nani alipokea, kilitunzwa wapi, nani alikileta mahakamani. Katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake majaji walitaka safari hiyo ya kielelezo iwe na maandishi. Na hati iliyosomwa kabla ya kupokelewa rasmi, au iliyopokelewa kisha mshtakiwa asisomewe kilichomo, inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Wakati mwingine ikiondoka hiyo, hakuna kinachobaki.

Daftari hilohilo lina kazi nyingine isiyopendeza: linaweza kuonyesha kwamba ndugu kweli alitenda. Roger Coleman, mchimba makaa wa Virginia nchini Marekani, alihukumiwa kufa kwa kumbaka na kumuua shemeji yake mwaka 1981. Alikana hadi dakika ya mwisho. Jarida la Time lilimweka kwenye jalada, na James McCloskey, mwanzilishi wa shirika la Centurion ambaye alikuwa amekwishawatoa gerezani watu wasio na hatia, alimpigania kwa miaka. Coleman aliuawa kwa kiti cha umeme Mei 1992. Januari 2006 kipimo cha vinasaba kilichoagizwa na gavana kilionyesha kwamba ni yeye. McCloskey alilikubali hilo hadharani, jambo ambalo wanakampeni wengi wasingeliweza.

Familia haina lazima ya kumkana mtu wake. Inayo lazima ya kumuuliza maswali magumu mapema, faraghani, wakili akiwepo, maana upande wa mashtaka utayauliza baadaye mbele ya watu. Tena kuna tofauti ambayo kampeni isipoitambua mwanzoni itajikanyaga: kudai kwamba mtu hakutenda, na kudai kwamba hakuhukumiwa kwa haki, ni madai mawili. La pili ni rahisi kulithibitisha kwa karatasi. La kwanza linahitaji ushahidi. Kampeni inayopiga kelele ya la kwanza huku mkononi ina vithibitisho vya la pili humpa mpinzani nafasi ya kuipuuza yote.

Wapi hoja hizo zitumike ni suala la kuwahi. Rufaa ya kwanza ndiyo nafasi nono kuliko zote, na inasikitisha kuona jinsi inavyochezewa. Hapo mahakama ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, na Mahakama Kuu inaweza hata kupokea ushahidi wa ziada ikiona inafaa. Rufaa ya pili huhusu zaidi hoja za kisheria. Pale mahakama mbili za chini zilipokubaliana juu ya mambo yaliyotokea, majaji wa Rufani hawaingilii kirahisi. Familia yenye fedha za wakili mmoja kwa hatua moja tu izipeleke kwenye rufaa ya kwanza. Isiyo na fedha iende kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, yakiwamo mashirika ya siku nyingi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA. Kenya kipo Kituo cha Sheria, kinachofanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970.

Vishoka hawachoki. Hukaa nje ya mahakama wakiwa na suti na bahasha ya kaki, hujua jina la hakimu na rangi ya gari lake, na huahidi kwamba “jaji ni mtu wetu”. Jina la wakili linaweza kuhakikiwa bure kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni. Fedha za mchango ziwe na mweka hazina asiyekuwa mke, mume wala kaka wa mfungwa, na kila risiti ipigwe picha. Kampeni nyingi haziuliwi na serikali. Huuliwa na shangazi anayeuliza, katikati ya msiba wa mtu mwingine, ile laki tatu ilikwenda wapi.

Kuwatafuta mashahidi ni eneo la hatari. Shahidi anayebadili maneno baada ya hukumu hutazamwa na majaji kwa jicho la mashaka, na anayemfuata nyumbani usiku akiwa na soda na bahasha anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa wa kuharibu ushahidi. Afuatwe na wakili au msaidizi wa kisheria, mchana, kukiwa na mtu wa tatu asiye wa ukoo. Anachosema kiandikwe kwa maneno yake, na akikubali kiwe hati ya kiapo. Asilipwe chochote zaidi ya nauli, na nauli yenyewe iandikwe.

Barua nyingine iende mapema kwa mahakama, polisi na maabara, ikiomba vielelezo visiteketezwe. Andrew Malkinson alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa ubakaji uliotokea Salford, Uingereza, mwaka mmoja kabla. Mwaka 2007 ilishajulikana kwamba kwenye sampuli za mwathirika kulikuwa na vinasaba vya mwanamume mwingine. Tume inayopitia hukumu zenye mashaka nchini humo ilimkatalia mara mbili, na kwa kuwa hakukubali kukiri alichosema hakukitenda, alikaa ndani miaka 17 ilhali kiwango chake cha chini kilikuwa chini ya miaka saba. Polisi walikwishaziteketeza nguo za mwathirika. Kilichomwokoa ni vipande vya sampuli vilivyobaki kwenye ghala la kumbukumbu za maabara, ambavyo shirika dogo la APPEAL lilivikomalia hadi vikapimwa upya. Hatia yake ilifutwa Julai 2023. Kama na ghala lile lingesafishwa, angebaki mtu anayesema tu kwamba hakufanya.

Kampeni yenye mengi ya kuigwa katika miaka ya karibuni ni ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta, nao ni wa Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya huko iliweka kwenye ofisi hizo mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye ofisi waliambiwa walipe. Wengi walishtakiwa kwa wizi au kughushi hesabu, na zaidi ya 900 wakatiwa hatiani katika miaka iliyofuata. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Alan Bates, ambaye mkataba wake wa ofisi ya Llandudno ulivunjwa mwaka 2003, hakuamini maneno hayo, akaanza kuwatafuta wenzake. Mwaka 2009 jarida la Computer Weekly lilichapa visa vya watu saba, na mwaka huohuo wahanga wakakutana katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Watu waliotoka pembe tofauti za nchi, wasiojuana, walisimulia jambo lile lile. Miaka kumi baadaye walalamikaji 555 walikuwa mbele ya Jaji Fraser, na Desemba 2019 akaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia za watu 39 kwa siku moja.

Tamthilia ya televisheni iliyoitikisa Uingereza ilirushwa Januari 2024, na Mei mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia zilizobaki kwa pamoja. Wengi husimulia kwamba tamthilia ndiyo iliyowakomboa. Iliharakisha mambo, hilo halina ubishi. Lakini ilikuta hukumu ya Fraser iko mezani na mafaili ya miaka 15 yamepangwa. Bila hayo ingekuwa hadithi ya kusikitisha ya wiki moja.

Cha kuiga hapo ni swali la Bates: nani mwingine? Nani mwingine alikamatwa na askari huyuhuyu, akatambuliwa kwenye gwaride lililoandaliwa na kituo hichohicho, au akatolewa ushahidi na mtaalamu huyohuyo? Tovuti za TanzLII na Kenya Law zina maelfu ya hukumu zinazosomwa bure, na kijana mwenye simu anaweza kutafuta humo jina la kituo au la mtaalamu. Akikuta jaji amekwishamkosoa mtaalamu yule kwenye kesi nyingine, wakili ana kitu cha kushika. Ndugu wa wafungwa wanaokutana langoni siku ya kutembelea nao ni hazina. Wanakaa foleni moja kwa miezi bila kuulizana kesi zao.

Baada ya yote hayo ndipo umma uambiwe, na uambiwe kitu, si kilio tu. Hapa anafaa kukumbukwa Mathieu Dreyfus. Mdogo wake Alfred, ofisa wa jeshi la Ufaransa, alihukumiwa mwaka 1894 kwa ujasusi na kupelekwa Kisiwa cha Shetani kwa sababu ya mwandiko wa barua moja. Novemba 1896 gazeti la Le Matin lilichapa picha ya barua hiyo. Mathieu akaichapisha na kuisambaza Paris, mwandiko wazi kila mtu auone. Mwaka mmoja baadaye dalali mmoja wa hisa aliiona akaduwaa: alikuwa na barua nyingi za mwandiko huo, kwa kuwa mwandishi alikuwa mteja wake, Meja Esterhazy. Dunia inaukumbuka zaidi waraka mkali wa Émile Zola wa Januari 1898, lakini jina la aliyehusika lililetwa kwa Mathieu na mtu wa kawaida aliyeonyeshwa ushahidi wenyewe.

Kwa hiyo kampeni ichague jambo moja linaloonekana, kama saa, njia, mwandiko, risiti ya basi au picha yenye tarehe, ilirudie hilo hadi mwenye taarifa asikie. “Haki kwa fulani” haimpi msikilizaji cha kutafuta kwenye kumbukumbu zake. “Nani alipanda basi la saa kumi na moja alfajiri siku ile?” linampa.

Mipaka iko, na si ya kubahatisha. Kumwita hakimu mla rushwa bila ushahidi ni kujitafutia kesi, na Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo. Rufaa ikiwa inaendelea, kila tangazo lipitiwe na wakili. Mwathirika wa kosa la kingono asitajwe kamwe, wala shule yake, wala mtaa wake. Hata familia ikiamini kwamba aliyefungwa siye, kuna mtu aliyeumizwa, na pengine mtoto. Wanakampeni wanaomtukana mwathirika hupoteza hoja yao na kuwatia wasiwasi hata waliokuwa tayari kuwasikiliza.

Milango ikishafungwa yote ya rufaa, inabaki michache na myembamba. Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaweza kuipitia hukumu yake yenyewe kwa maombi yanayoletwa ndani ya siku 60, kwa sababu chache: kosa la wazi kwenye kumbukumbu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu iliyopatikana kwa ulaghai au ushahidi wa uongo, na nyingine za aina hiyo. Anayeyatumia kama rufaa ya tatu hufukuzwa. Kenya ilifungua mlango mpana kidogo kwenye Katiba ya 2010: ibara ya 50(6) inamruhusu aliyemaliza rufaa kuomba Mahakama Kuu iamuru kesi isikilizwe upya akiwa na ushahidi mpya na mzito. Katika kesi ya Kibisu mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ushahidi huo uwe ule ambao usingepatikana wakati wa kesi hata kwa juhudi za kutosha, na ambao ukiaminika ungebadili uamuzi.

Arusha nako wengi bado wanakutegemea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipokea maombi mengi ya wafungwa wa Tanzania, lakini Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Wakenya na Waganda hawakuwahi kuwa na njia hiyo. Iliyobaki kwa wote ni Tume ya Afrika iliyoko Banjul, ambayo ni ya taratibu mno na hutaka njia za nyumbani ziwe zimekwisha kutumika.

Msamaha wa rais ni jambo la aina nyingine kabisa, na familia iujue kabla ya kuuomba. Mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kesi ya ubakaji wa watoto. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru watoto wengine wawili wa Nguza na kuwaacha wao ndani. Maombi yao ya mapitio yakakataliwa. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwasamehe. Machi 2018 Mahakama ile ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba haki yao ya kujitetea ilikiukwa kwa baadhi ya mambo, yakiwamo ya kutopewa maelezo ya mashahidi. Waliimba tena jukwaani, lakini hatia haikufutwa: msamaha hufungua lango la gereza, hauandiki upya hukumu. Dreyfus naye alitiwa hatiani mara ya pili mwaka 1899, akapewa msamaha, akaupokea huku akitangaza kwamba ataendelea kupigania jina lake, na mahakama ikamsafisha mwaka 1906. Barua ya kuomba msamaha inaweza kuandikwa kwa namna hiyo, kwa kutaja umri, ugonjwa na miaka aliyotumikia bila kukiri kosa. Isomwe na wakili mara mbili.

Aliyefungwa mwenyewe asigeuzwe picha ya kwenye bango. Susan Kigula alikuwa akisubiri kunyongwa Luzira wakati jina lake lilipoongoza orodha ya wafungwa zaidi ya 400 waliopinga adhabu ya lazima ya kifo, na Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubaliana nao Januari 2009. Alisoma sheria akiwa humohumo, akatoka mwaka 2016. Mfungwa ndiye anayelijua jalada lake kuliko wakili yeyote, na akipewa nakala atalisoma usiku na mchana. Anayekwenda kumtembelea abebe maswali matatu yaliyoandikwa, arudi na majibu yaliyoandikwa. Na wasimdanganye. “Mwezi ujao unatoka” humvunja mtu vibaya kuliko “jaji hajapanga tarehe”.

Siku ya kutoka ina karatasi zake. Malkinson alipoachiwa aliishi kwa ruzuku ya serikali akisubiri fidia, na ni baada ya kesi yake ndipo Agosti 2023 Uingereza ilipoacha kanuni iliyoruhusu fidia ya aliyefungwa kimakosa kukatwa gharama za chakula na malazi ya gerezani. Tanzania anayetaka kulipwa hulazimika kufungua kesi ya madai ya kushtakiwa kwa hila, na kuithibitisha hiyo hila si mchezo, kwani kushinda rufaa peke yake hakutoshi. Cheti cha tabia njema cha polisi hutolewa kwa kupima alama za vidole, na alama zake ziko kwenye kumbukumbu kama za mkosaji. Kabla jalada halijarudishwa masjala, familia ichukue nakala kadhaa za hukumu ya rufaa zilizothibitishwa kwa muhuri: moja ya polisi, moja ya mwajiri wa zamani, moja ya benki iliyofunga akaunti, na moja ya ofisi ya serikali ya mtaa, ambako bado yupo kwenye vitabu kama mtu aliyefungwa maisha.